Vikao 2,000 Kabla ya Jiko la Kwanza



Somo la leo linahusu ujasiriamali wa pamoja, ule ambao faida yake inajenga watu na eneo lao, hasa nyakati ambazo uchumi unayumba. Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe, maana bila hiyo nisingelisoma jambo hili kwa makini.

Mwaka 2022 nilikuwa kwenye mwaka wa kichungaji katika parokia moja ya kijijini, baada ya kumaliza falsafa seminari kuu. Paroko alinikabidhi vijana. Mnaukumbuka mwaka ule. Petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita, nauli zikapanda, mafuta ya kula yakawa kitu cha kupima kwa kijiko. Kila kijana niliyeongea naye alikuwa na wimbo mmoja: hakuna kazi, hela haizunguki. Nami, na ari yangu ya ufrateri, nikaja na jibu. Kuku wa nyama!

Nilihamasisha Jumapili tatu mfululizo. Vijana 23 wakajiandikisha, kila mmoja akatoa shilingi 30,000. Wapo waliokopa. Dada mmoja fundi alikuwa anashonea cherehani ya kuazima, na akiba aliyokuwa anaitunza anunue ya kwake ndiyo aliyoileta. Tulijenga banda kwa Jumamosi mbili, Paroko akalibariki, tukapiga picha tukiwa tumeshika vifaranga.

Sasa nipeni kalamu. 23 mara 30,000 ni 690,000. Vifaranga 150 kwa 2,000 ni 300,000. Zimebaki 390,000, na hapo bado sijataja misumari, wavu, mkaa wa kuwapa joto na chanjo. Kuku wa nyama 150 mpaka wafikie kuuzwa wanamaliza kama mifuko kumi ya chakula, na mfuko kwetu ulikuwa umeshapita 70,000. Hiyo ni zaidi ya laki saba. Yaani tulikuwa tumeshindwa siku ya kwanza, kabla hata kifaranga mmoja hajafa, na ilikuwa hesabu ya darasa la nne. Wiki ya tatu tukaanza kupunguza chakula, wakadumaa, ugonjwa ukaingia. Waliobaki tuliwauza kwa hasara kwa mama lishe wa stendi. Banda likawa stoo ya viti vya plastiki.

Mimi nina digrii ya falsafa. Nimefundishwa mantiki. Hakuna aliyenizuia kuchukua karatasi.

Yule dada hakunigombeza. Siku moja baada ya Misa aliniambia kwa sauti ya chini, "Frateri, tungekaa kwanza."

Sidhani kama alijua kwamba ananukuu Injili. Katika Luka 14:28-30 Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla ya kuweka msingi anaketi, anapiga hesabu, aone kama anacho cha kumalizia. Asipofanya hivyo, msingi utabaki pale na wapita njia watamcheka. Ni kweli Yesu hapo anasema juu ya gharama ya kumfuata, hatoi semina ya biashara. Lakini mfano wake unasimama kwa sababu kila msikilizaji alijua kwamba mwenye akili hukaa kwanza. Mimi nilikuwa nimehubiri ufuasi nikaruka akili.

Niliporudi seminari nilibeba neno lile la "kukaa kwanza" hadi maktaba, na humo nikakutana na padre mmoja wa Hispania ambaye aliwakalisha vijana wake chini kwa miaka 15 kabla ya kuuza kitu chochote.

Mondragón ni mji mdogo uliobanwa na milima katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Tarehe 5 Februari 1941 alifika pale padre kijana wa miaka 25, José María Arizmendiarrieta. (Msihangaike na jina, hata wenyeji walilifupisha. Tumwite Padre Arizmendi.) Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeisha mwaka 1939, na Wabaski wengi walikuwa upande ulioshindwa. Yeye mwenyewe aliwahi kuwekwa ndani na jeshi la Franco kwa sababu alifanya kazi katika gazeti la Kibaski, akaponea chupuchupu. Mji ulikuwa na njaa, mgao wa chakula, kifua kikuu, chuki kati ya jirani na jirani, na vijana wasiojua kesho yao.

Ukimwangalia kwa macho ya kibinadamu, hakuwa mtu wa kuinua eneo zima. Alikuwa na jicho moja. La pili lilipotea kwa ajali utotoni. Mahubiri yake yalikuwa makavu, kiasi kwamba baadhi ya waamini waliomba waletewe padre mwingine. Wala hakuchagua kwenda Mondragón. Alitamani kwenda Leuven, Ubelgiji, kusoma sosholojia, lakini askofu akampa uparoko usaidizi. Mafrateri wenzangu mnaosubiri barua za kupangiwa vituo, someni sentensi hiyo mara mbili.

Mjini palikuwa na kiwanda kimoja kikubwa cha chuma chenye shule yake ya ufundi, lakini milango ilikuwa wazi zaidi kwa watoto wa wafanyakazi wake. Padre aliomba ipanuliwe kwa vijana wengine, akakataliwa. Hakuandika andiko la kuomba msaada nje. Aliweka masanduku mitaani: anayetaka shule ya mji aandike kwenye karatasi atatoa nini, fedha au nguvu zake. Mamia ya watu waliandika. Mwaka 1943 shule ikafunguliwa na wanafunzi 20.

Hapo ndipo vikao vilipoanza kushika kasi. Alikuwa mlezi wa vijana wa Aksyo Katoliki parokiani, na jioni baada ya kazi aliwakusanya kusoma na kujadili. Wenzake walikuja kukadiria kwamba kati ya 1941 na 1956 aliendesha vikao zaidi ya 2,000, vingine vya dini, vingine vya masuala ya jamii. Gawanya uone: karibu kikao kimoja kila siku tatu, kwa miaka 15. Mtu ambaye mimbarini alikuwa anachosha, kwenye kikao cha watu kumi alikuwa moto. Walisoma Mafundisho Jamii ya Kanisa, yaani Rerum Novarum ya mwaka 1891 na Quadragesimo Anno ya mwaka 1931. Walisoma pia mawazo ya Wafaransa wawili wa zama zao, Jacques Maritain na Emmanuel Mounier, waliosisitiza kwamba binadamu si kisiwa kilichojifungia wala si tone linalopotea ndani ya umati. Kwa Kiswahili tuna neno moja linalobeba mzigo huo wote, na ni fupi kuliko vitabu vyao: utu.

Niseme kidogo juu ya hili, wenye haraka mnivumilie. Aristotle katika kitabu chake cha Siasa anatofautisha ustadi wa kutunza nyumba na ustadi wa kuchuma fedha. Kutunza nyumba kuna kikomo, maana unajua mahitaji ya watu wako. Kuchuma fedha kwa ajili ya fedha hakuna kikomo, kwa sababu hakuna mahali utakaposema imetosha. Ninapoulizwa ujasiriamali wa kijamii ni nini, jibu langu linaanzia hapo. Ni biashara ya kweli, inayouza na kupata faida, lakini imerudishwa ndani ya nyumba na inajua inawalisha akina nani. Papa Benedikto XVI katika Caritas in Veritate ya mwaka 2009 alizungumzia eneo hili pana lililo kati ya kampuni za faida na mashirika yasiyo ya faida, akalipa heshima yake. Na Yohane Paulo II katika Laborem Exercens ya mwaka 1981 alikuwa ameshaweka mpangilio: kazi ipo kwa ajili ya mtu, na mfanyakazi anatangulia mtaji.

Turudi Mondragón. Kutoka shule ile vijana 11 waliendelea hadi mitihani ya uhandisi ya Chuo Kikuu cha Zaragoza, wakisoma hukohuko Mondragón huku wakifanya kazi. Watano kati ya wahitimu walijaribu kwanza kubadili mambo ndani ya kile kiwanda kikubwa. Walitaka wafanyakazi wapewe nafasi ya kuwa na sehemu ya umiliki. Haikuwezekana. Basi mwaka 1955 wakatoka. Waliomba mkopo kwa watu wa mji wao, kwa kuaminika tu, bila kitabu cha mahesabu cha kuonyesha, wakapata zaidi ya pesata milioni 10. Kwa fedha hizo walinunua karakana iliyofilisika katika mji wa Vitoria, hasa kwa sababu ilikuwa na leseni ya kutengeneza vifaa vya nyumbani, ambayo serikali ilikuwa haitoi kirahisi. Mwaka 1956 wakahamia Mondragón na watu 24. Kiwanda wakakiita ULGOR, kwa herufi za kwanza za majina yao: Usatorre, Larrañaga, Gorroñogoitia, Ormaetxea na Ortubay.

Na bidhaa ya kwanza? Jiko la mafuta ya taa.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu. Vikao 2,000, miaka 15, wahandisi watano, kisha jiko la mafuta ya taa, kitu ambacho bibi yangu anacho chini ya kitanda. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na siku hizi mtandao wa ushirika uliotokana na jiko lile una watu takriban 70,000.

Sasa tuingie ndani kidogo tuone ulivyosukwa. Anayeingia kazini anaingia na mtaji wake, na mtu asiye nao anakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara mpaka aukamilishe. Kila mtu kura moja, awe mhandisi au mfagiaji. Mkuu hapati kama anavyotaka. Mwanzoni mshahara wa juu kabisa haukuzidi mara tatu ya ule wa chini. Baadaye uwiano huo ulipanuka, katika baadhi ya vyama hadi kama mara sita. Na faida haiingii mfukoni. Sehemu yake, angalau asilimia 10, inaenda kwenye elimu na mahitaji ya jamii ya eneo lile. Sehemu inakuwa akiba ya pamoja isiyogawanyika. Sehemu inayobaki inaandikwa kwenye akaunti ya kila mwanachama, lakini haichukui mpaka astaafu au aondoke.

Hilo la mwisho ndilo linalotugusa sisi. Tazameni VICOBA vyetu. Mwaka mzima tunanunua hisa, tunakopeshana, nidhamu nzuri kabisa. Desemba inafika, tunavunja. Tunagawana, tunanunua mchele na nguo za watoto, Januari tunaanza sifuri. Siwalaumu akina mama wetu, ada ya Januari haisubiri. Ila tukubali kwamba kikundi kinachovunja kila Desemba kinaweza kuendesha familia, hakiwezi kuendesha kiwanda. Jembe linanunuliwa na hela ambayo haikugawanywa.

Mwaka 1959 Padre Arizmendi alikuja na wazo la benki ya ushirika. Wale vijana walimkatalia: sisi ni watu wa majiko, benki tunaijulia wapi? Yeye aliona mbali zaidi. Kiwanda kimoja kikikua bila chombo cha kukusanya akiba za watu wa eneo lile, fedha za milimani zitaendelea kwenda mijini na vijana watazifuata. Akaandaa karatasi za kuisajili, na inasimuliwa na wao wenyewe kwamba sahihi za wawili kati yao alizitia yeye. (Mwalimu wangu wa maadili alipoulizwa darasani juu ya hili alitazama dirishani kwanza. Kosa ni kosa. Hata mtu mwema anakosea, tusimfundishe mtu kughushi.) Benki ilianza, ikaitwa Caja Laboral, na kwa wananchi ilienda na maneno mepesi sana: kitabu cha akiba au sanduku la safari. Maana yake, weka akiba hapa ipatikane kazi hapa, la sivyo funga mizigo uhame.

Vijana, hilo tunalijua kwa majina. Kila mmoja wetu ana rafiki aliyefunga begi akaenda Dar, na leo anabeba mizigo Kariakoo ilhali mashamba ya baba yake yapo.

Benki ile haikukopesha tu. Ilikuwa na idara ya watu waliokaa na kikundi kinachotaka kuanzisha kitu. Kikundi kinachagua mtu wake wa kukiongoza, naye analipwa kwa mkopo afanye utafiti wa bidhaa, soko, mashine na bei, mwaka mmoja na nusu hadi miwili, kabla ya kufungua milango. Miaka miwili ya kukaa kwanza! Sisi tulitumia Jumamosi mbili.

Yapo mengine nitayapita haraka. Mwaka 1966 wanafunzi walipata ushirika wao, Alecop, ambamo walifanya kazi nusu siku na kusoma nusu siku ili wajilipie masomo. Ilichukua muda hadi wanawake walioolewa wapate nafasi, maana mwanzoni binti akiolewa alitakiwa kuondoka kiwandani, jambo ambalo Padre alilipinga mpaka likabadilika. Ile shule ya wanafunzi 20 ikakua, na mwaka 1997 ikawa chiko la Chuo Kikuu cha Mondragón. Padre hakuyaona hayo yote. Alifariki tarehe 29 Novemba 1976. Mwaka 2015 Papa Fransisko alitambua rasmi fadhila zake za kishujaa, ile hatua iliyo kabla ya kutangazwa mwenyeheri.

Tufike sasa kwenye uchumi kuyumba, maana wakati wa neema kila mpango unaonekana mzuri. Miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipopanda duniani, viwanda vya chuma na mashine vya nchi ya Wabaski viliporomoka, na katikati ya miaka ya 1980 ukosefu wa ajira pale ulizidi asilimia 20. Ushirika wa Mondragón nao ulipigwa. Tofauti ilikuwa katika namna ya kuupokea mzigo. Palipokuwa na kazi pungufu, mtu alihamishiwa ushirika mwingine wenye nafasi. Wanachama walikaa, wakatazama vitabu vya mahesabu, wakapiga kura kupunguza mishahara yao wenyewe au kuongeza mtaji kutoka mifukoni mwao. Faida walizokuwa wameacha bila kugawana miaka ya neema ndizo zilizowashika mkono. Yosefu kule Misri, katika Mwanzo 41, alifanya hivyohivyo kwa nafaka: miaka ya kujaza maghala ilitangulia miaka ya njaa.

Haikuwa rahisi, msidanganyike. Unapiga kura kupunguza mshahara wako, halafu unarudi nyumbani kumweleza mkeo. Watu wa nje humlaumu mwajiri. Wao hawakuwa na mwajiri wa kumlaumu.

Na lazima niwaambie pia namna jiko lile lilivyozimika. ULGOR ilikua, ikabadilika jina, ikawa Fagor, ikauza mafriji na mashine za kufulia Ulaya nzima. Mwaka 2005 ilinunua kampuni kubwa ya Ufaransa kwa mikopo. Mwaka 2008 soko la nyumba Hispania likaanguka, na nyumba zisipojengwa hakuna anayenunua jiko jipya. Ushirika wenzake waliikopesha, wakaikopesha tena, na mwaka 2013 wakasema hapana. Fagor ya vifaa vya nyumbani ikafilisika. Wanachama wake wengi walipata nafasi katika ushirika mwingine au walistaafishwa mapema, lakini wapo waliopoteza akiba za maisha walizokuwa wameziacha ndani kwa imani. Waliandamana mitaani dhidi ya ndugu zao wenyewe. Tena wafanyakazi wengi wa matawi ya nchi za nje hawakuwahi kuwa wanachama. Walikuwa waajiriwa tu, bila kura.

Kuna watu wanaoisimulia Mondragón kama paradiso, na huwa wanakatisha hadithi kabla ya 2013. Mimi naona mwaka huo una somo zito kuliko yote. Mshikamano una kikomo ambacho mtu fulani lazima akitamke. Waliosema hapana walikuwa wanalinda ajira za maelfu wengine. Walioambiwa hapana walikuwa wameanzisha kila kitu. Nimejaribu kuandika insha kuonyesha nani alikuwa na haki kamili, nikaichana.

Mtaniuliza: Frateri, hayo ni ya Wazungu, hapa kwetu je? Kwanza, ushirika si mgeni kwetu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu, KNCU, tangu 1933, miaka zaidi ya 20 kabla ya jiko la Mondragón. Wakati mmoja vyama vyetu vilikuwa nguvu kubwa. Kisha mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu, na viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 vilirudi kwa amri ileile ya juu. Babu yangu akisikia neno ushirika anakumbuka stakabadhi na malipo ya pili ambayo hayakufika. Kanisa linaita kanuni ya auni lile wazo kwamba kinachoweza kufanywa na walio chini, wa juu asiwapokonye, ila awasaidie wakifanye. Ukitaka kuielewa kanuni hiyo bila kitabu, muulize mzee wa kahawa au wa pamba.

Pili, siwaambii mkajenge Mondragón ndogo. Wale walikuwa na mji wenye ufundi wa chuma wa karne nyingi, na soko la Hispania lililofungwa kwa bidhaa za nje, kiasi kwamba jiko lao halikushindana na la mtu. Sisi kuku wetu anashindana na kuku wa kila mtu. Ninachokitaka kwao ni vile vikao tu, na hivyo havina gharama. Jumuiya Ndogo Ndogo tunazo, zinakutana kila wiki. Tunasoma Injili, tunachanga, tunatangaza mgonjwa, tunaondoka. Tungebaki nusu saa na daftari la bei?

Likizo iliyopita nilirudi kule parokiani. Kati ya wale 23 wamebaki 14, na wanakaa kila Jumapili baada ya Misa ya pili, chini ya mwembe ulio karibu na lile banda. Hawajaanzisha kitu. Nilipofika walikuwa na kikao cha 31. Kila mmoja anaweka shilingi 1,000 kwa wiki, na wamekubaliana haigawanywi Desemba. Fundi wetu, ambaye bado anashonea cherehani ya kuazima, ana daftari lenye bei ya mfuko wa chakula kila wiki tangu mwezi wa pili. Ukilitazama unaona kitu ambacho mimi sikukiona: bei inashuka baada ya mavuno ya mahindi. Yaani tulianza katika miezi mibaya kuliko yote.

Siku ile walikuwa wanajadili kama kila mtu afuge kwake na wauze pamoja, au banda liwe moja. Yeye akainua mkono: "Tukifuga kila mtu kwake, wa kwangu wakifa, wa mwenzangu wakapona, atanilipia? Na wakifa tena mara ya pili?" Wengine walisema ndiyo, mara moja tu. Wengine wakasema hata mara tatu, sisi ni ndugu. Kijana mmoja akasema, bora tuandike sasa hivi kabla hatujapendana sana. Walinigeukia mimi. Nikawasimulia habari za Fagor, nikakaa.

Hawakumaliza. Swali liko kwenye ajenda ya kikao cha 32. Nanyi lijadilini huko mliko wiki hii, mkianza na Luka 14:28-30 na Matendo ya Mitume 11:27-30, pale ambapo wanafunzi wa Antiokia wanasikia kwamba njaa inakuja, na kila mmoja anaamua atatoa kiasi gani kwa kadiri ya uwezo wake. Mje na kalamu na daftari.